Makaa ya mawe yanakwisha, na kuni je?

Ndugu msikilizaji, wiki hii nakuomba twende pamoja hadi Makambako na Njombe, kule kwenye baridi, miwati na viazi. Sikupeleki kutalii. Nataka tuzungumze habari ya nishati, maana mkoa ule una karibu kila aina ya nishati tunayobishania huku mijini: upepo, maji, kuni na makaa ya mawe.

Wataalamu huigawa nishati katika mafungu mawili. Fungu la kwanza huitwa nishati jadidifu, yaani ile inayojirudisha: jua, upepo, maji ya mito na miti. La pili ni ile isiyojirudisha: mafuta, gesi asilia na makaa ya mawe, vitu vilivyochukua mamilioni ya miaka kutengenezeka chini ya ardhi. Mfugaji wa Njombe atanielewa upesi nikisema hivi: fungu la kwanza ni ng'ombe wa maziwa, unamkamua leo na kesho unamkamua tena. La pili ni ng'ombe wa kuchinja. Ukishamla, zizi ni tupu.

Tuanzie Makambako. Mji huu umekaa njia panda. Hapo inapita barabara kuu ya kutoka Dar es Salaam kwenda Mbeya, inapita reli ya TAZARA, na hapo hapo ndipo unapokata kona kwenda Njombe na Songea. Kwa miaka mingi Songea ilipata umeme wa majenereta ya dizeli. Hebu fikiria safari ya dizeli hiyo: imenunuliwa ng'ambo kwa fedha za kigeni, imeshushwa bandarini, imepanda mlima Kitonga, yote hayo ili mtu wa Songea awashe taa. Mwaka 2018 njia ya umeme ya kilovoti 220, yenye urefu wa kilomita 250 hivi kutoka Makambako, iliiunganisha Songea na gridi ya taifa.

Lakini Makambako yenyewe ina mali nyingine, tena isiyopandishwa mlima na lori. Ni upepo. Vipimo vilivyofanywa pale, mita 30 juu ya ardhi, vilionyesha wastani wa mwendo wa mita 8.9 kwa sekunde, yaani kama kilomita 32 kwa saa. Hiyo si haba, kwa sababu upepo una hesabu yake: mwendo ukiongezeka mara mbili, nguvu yake huongezeka mara nane. Ila upepo hauna amri. Unaweza kutulia saa ile ile watu wanaporudi nyumbani na kuwasha majiko. Kwa hiyo unahitaji mwenzake wa kumshika mkono, kama vile bwawa la maji.

Sasa tushuke kusini ya mkoa, wilaya ya Ludewa. Huko Mchuchuma kuna makaa ya mawe, zaidi ya tani milioni 400 kwa hesabu za Serikali. Mwaka 2011 ulitiwa saini mkataba wa kuyachimba, pamoja na mpango wa kituo cha umeme cha megawati 600. Makaa yana sifa yake: yanawaka usiku na mchana, kiangazi na masika. Yana na aibu zake: moshi, majivu, na hewa ya ukaa inayozidi kuipasha dunia joto.

Hapa ndipo wengi wetu tunapopotea. Tunadhani tofauti ya mafungu haya mawili ni kwamba moja litakwisha na jingine halitakwisha kamwe. Ndugu msikilizaji, makaa ya Mchuchuma hayatakwisha kesho wala keshokutwa. Wajukuu wetu watayakuta. Bali kuni, ambazo zimo katika fungu la nishati inayojirudisha, zinaweza kutuishia sisi wenyewe, mbele ya macho yetu. Jina si hirizi. Hata ng'ombe wa maziwa, usipompa majani, atakauka.

Njombe inatufundisha jambo hili kwa miwati. Kampuni ya TANWAT ilianzishwa mwaka 1949 kwa ajili ya magome ya mti huo, yanayotoa dawa ya kulainishia ngozi. Gome likishabanduliwa, gogo linabaki. Mwaka 1995 kampuni hiyo ilianza kuzalisha umeme kwa kuchoma kuni: moto unachemsha maji, mvuke unazungusha mtambo. Uwezo wake ulikuwa megawati 2.5.

Siri ya miwati iko kwenye kalenda. Mti huu hukomaa kwa miaka minane hadi kumi. Mwenye shamba akiligawa mafungu kumi, akakata fungu moja kila mwaka na kulipanda upya, atakapomaliza la kumi, la kwanza litakuwa tayari. Huyo anakamua. Akikata mafungu matatu kwa mwaka kwa tamaa ya mkaa, ndani ya miaka minne amebaki na visiki. Huyo amechinja, japo mti ni ule ule.

Maji nayo ni hivyo hivyo. Mvua ya Njombe huingia mto Ruhudji, ukaenda Kilombero, ukaenda Rufiji, hadi bwawa la Julius Nyerere lenye mitambo ya megawati 2,115. Mtu wa Dar es Salaam akiwasha taa, anawasha na mvua ya Njombe. Vinyungu vikilimwa hadi kwenye macho ya chemchemi, na mikaratusi ikapandwa hapo hapo, tunamnyima ng'ombe majani. Mgawo wa umeme wa mwaka 2006, mabwawa yalipokauka, haukutuacha bila somo.

Na jikoni je? Mwaka 2024 Serikali ilizindua mkakati wa kuwafikisha Watanzania asilimia 80 kwenye nishati safi ya kupikia ifikapo mwaka 2034. Mtungi wa gesi uko katika fungu lisilojirudisha, lakini kila gunia la mkaa usilolinunua linaupa msitu nafasi ya kupumua. Kwa hiyo si kila kitu cha fungu la pili ni adui.

Mimi nasema hivi. Tukisikia mradi wowote wa nishati, tusiridhike kuuliza uko fungu gani. Tuulize: tunachukua kiasi gani kwa mwaka, na kinarudi kiasi gani? Nani anakirudisha? Na moshi wake unamwendea nani? Mradi wenye majibu ni wa kukamua. Usio na majibu, hata ukiitwa jadidifu, kisu kimeshanolewa.

Kwa leo ni hayo. Tukutane wiki ijayo.