Motokaa Kubwa za Marekani: Bei Moja, Gharama Nyingi

Ninyi mlio Mpanda mjini, na ninyi wa Karema, Inyonga, Mishamo na Usevya, sogeeni karibu na redio.

Mwalimu wa darasa, tafadhali andika ubaoni maneno mawili: bei, gharama.

Bei ni fedha unayotoa siku unaponunua kitu. Gharama ni fedha yote ambayo kitu hicho kitakula, tangu siku hiyo mpaka siku utakapoachana nacho. Watu wengi huuliza bei, lakini wachache huuliza gharama. Leo tutaiona tofauti hiyo kwa kutazama habari za motokaa kubwa zilizotengenezwa Marekani katika miaka ya 1950 na 1960.

Motokaa hizo zilikuwa kubwa kiasi gani? Tuchukue Cadillac ya mwaka 1959. Urefu wake ulikuwa karibu meta 5.7. Mtu mzima apige hatua sita ndefu darasani, naye ataona urefu huo. Uzito wake ulizidi tani mbili, yaani zaidi ya magunia 20 ya mahindi, kila gunia kilo 100. Injini ilikuwa na silinda nane na ujazo wa lita 6.4. Nyuma yake yalisimama mapezi mawili marefu ya bati, mfano wa mapezi ya samaki, na kila upande paling'aa. Mapezi hayo hayakubeba mzigo wala abiria. Yalikuwa pambo tu.

Kwa nini Wamarekani walipenda motokaa za namna hiyo? Sababu zilikuwa tatu. Kwanza, nchi yao ilichimba mafuta mengi, na petroli ilikuwa rahisi. Pili, barabara zao zilikuwa pana na nzuri; mwaka 1956 ilipitishwa sheria ya kujenga barabara kuu kubwa nchi nzima. Tatu, wenye viwanda walibadili sura ya motokaa kila mwaka. Mtu aliyenunua mwaka jana alimtazama jirani yake mwenye motokaa mpya, naye akaona yake imezeeka, ingawa injini ilikuwa nzima kabisa. Basi akaenda kukopa ili anunue nyingine.

Tusiwacheke. Motokaa hizo zilikuwa na raha ya kweli. Viti vilikuwa kama makochi, na katika safari ndefu ya barabara nzuri abiria hakuchoka. Lakini raha hiyo ilikuwa na gharama zake. Sasa tuzihesabu.

Gharama ya kwanza ni mafuta. Motokaa kubwa ya namna hiyo iliweza kutumia lita 20 za petroli kwa kilometa 100. Tuseme motokaa ndogo inatumia lita 8. Kutoka Mpanda hadi Tabora kwa njia ya Koga ni karibu kilometa 350. Chukueni kalamu. Motokaa kubwa: 20 mara 3.5 ni lita 70. Motokaa ndogo: 8 mara 3.5 ni lita 28. Tofauti ni lita 42, kwa safari ya kwenda tu. Zidisheni lita hizo kwa bei ya petroli katika kituo chenu cha mafuta, mwone ni fedha kiasi gani.

Gharama ya pili ni moshi, na hii ililipwa hata na asiyekuwa na motokaa. Ninyi wa Mpanda mnaijua risasi. Mgodi wa risasi ulichimbwa kwenu katika miaka ya 1950, na reli kutoka Kaliua ilijengwa kwa ajili ya mgodi huo. Risasi hutumika katika betri za motokaa. Lakini zamani dawa yenye risasi ilitiwa pia ndani ya petroli, ili injini zenye nguvu zisigonge. Risasi hiyo ilitoka na moshi, watu wakaivuta. Ni sumu, na hudhuru zaidi ubongo wa mtoto mdogo. Kufikia mwaka 2006 nchi za Afrika kusini mwa Sahara ziliacha kuuza petroli ya namna hiyo.

Gharama ya tatu ni barabara. Hapa tunao mfano wa Afrika Mashariki yenyewe. Mwaka 1964 kampuni ya Ford ya Marekani ilileta motokaa aina ya Mercury Comet katika mashindano ya Safari, yaliyopita katika nchi zetu za Afrika Mashariki. Kwa Wamarekani Comet haikuwa kubwa, lakini ilikuwa na injini ya silinda nane. Mwaka uliotangulia Comet kadhaa zilikimbizwa maili 100,000 kwa mwendo mkali huko Daytona, katika uwanja laini. Wenyewe waliamini kwamba zitashinda na huku.

Lakini Safari ilikuwa na matope, mawe, mashimo na vumbi. Comet nyingi hazikufika mwisho. Mshindi alikuwa Peter Hughes wa Kenya, pamoja na Bill Young, katika Ford Cortina iliyotengenezwa Uingereza. Injini yake ilikuwa ya silinda nne na lita 1.5 tu. Motokaa haishindani na motokaa nyingine peke yake. Inashindana na njia pia.

Basi, enzi ya motokaa kubwa ilikwishaje? Mwezi wa Oktoba 1973 nchi za Kiarabu zilisimamisha kuiuzia Marekani mafuta. Pipa moja la mafuta lilikuwa karibu dola 3. Ilipofika Januari 1974 lilikuwa karibu dola 12. Wenye motokaa kubwa walipanga foleni vituoni. Mwaka 1975 Marekani ilitunga sheria ya kuvilazimisha viwanda kutengeneza motokaa zinazotumia mafuta kidogo, na mwaka 1977 hata Cadillac nyingi zilifupishwa. Nasi Tanzania, tusiokuwa na mapezi wala silinda nane, tulilipa bei hiyohiyo ya mafuta. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 motokaa za watu binafsi zilikatazwa kutembea Jumapili alasiri, ili mafuta yaokolewe.

Somo hili linatuhusu nini leo? Mkulima wa mpunga au tumbaku akiuza mavuno, au kikundi kikikusanya akiba ya mwaka mzima, hutamani kununua gari, trekta au mashine ya kukoboa. Si vibaya. Lakini fedha ya mavuno huja mara moja kwa mwaka, na mashine hula kila siku. Kwa hiyo ulizeni maswali manne kabla ya kutoa fedha:

1. Itakula mafuta kiasi gani kwa siku, na kazi yake italeta fedha kiasi gani kwa siku?
2. Itaiweza njia ya kwetu wakati wa masika?
3. Ikiharibika, fundi na vipuri vipo Mpanda, au mpaka viagizwe mbali?
4. Kama tumekopa, tutalipaje deni mwezi ambao mashine imelala?

Asiyepata jibu la swali moja, asinunue kwanza. Mpanda kuna dhahabu, nanyi mnajua vema kwamba si kila king'aacho ni dhahabu.

Zoezi: Kila mwanafunzi aandike jina la kitu kimoja anachotaka kununua. Chini yake aandike bei, kisha gharama za mwaka mmoja. Someni majibu yenu mbele ya darasa na kusaidiana kusahihisha hesabu.

Kwaherini, na masomo mema.