Kinachooza na Kisichooza

Ukifukia maganda ya ndizi chini ya mgomba, baada ya miezi michache utachimba na kukuta udongo mweusi tu. Maganda hayapo tena. Lakini ukifukia pile ya toroshi mahali pale pale, utaikuta. Hata kama kutu imekula ngozi yake, sumu yake imebaki katika udongo. Shika neno hili, maana mafundisho ya leo yanatoka hapo.

Katika miji mikubwa ya Ulaya na Marekani, maji ya vyoo, ya kufulia na ya viwanda hupita katika mabomba mpaka mahali pa kusafishwa. Maji yakiisha kusafishwa, matope mazito hubaki. Matope hayo yana chakula kingi cha mimea. Lakini yana pia minyoo, mikrobe, sabuni, mafuta, mabaki ya dawa na sumu za viwanda. Mtu akiyatia shambani yakiwa mabichi, anatia na hayo yote.

Kwa hiyo watu huyachanganya na vipande vya miti au majani makavu, wakafanya malundo. Ndipo mikrobe huanza kula. Si mikrobe wote walio adui zetu. Hawa ni watenda kazi. Wanapokula, lundo linapata moto mkali. Sheria ya Marekani ya mwaka 1993 inaagiza kwamba lundo la kugeuzwa likae na moto wa digrii 55 au zaidi kwa siku 15, na ligeuzwe mara 5 kwa uchache. Mayai ya minyoo hayavumilii moto huo.

Je, sumu nazo zinaliwa? Nyingine ndiyo. Sabuni ya unga, hewa ikiingia, mikrobe huivunja vipande vipande mpaka imekwisha. Pasipo hewa, dawa iliyo ndani yake inakaa karibu kama ilivyo. Ndiyo sababu lundo hugeuzwa: kuwapa wale watenda kazi pumzi. Mafuta ya petroli nayo huliwa. Dawa za kulainisha plastiki huliwa polepole, tena kwa sehemu. Kwa hiyo mwenye lundo asiwe na haraka. Kazi hii ni ya miezi.

Lakini risasi na kadmi hazivunjiki. Lundo likioza linapungua, nazo hazipungui. Basi kila kilo ya mbolea inabeba nyingi kuliko kwanza. Mboga za majani huvuta kadmi kutoka udongoni, nayo huharibu figo. Risasi huharibu akili ya mtoto. Tena kuna sumu zinazoitwa PFAS, zilizotiwa katika nguo zisizolowa maji na vyombo visivyoshika chakula. Kuoza hakuziwezi. Katika jimbo la Maine, Marekani, wakulima waliotandaza matope ya mji walikuja kuona sumu hizo katika maziwa ya ng'ombe wao. Mwaka 2022 jimbo hilo likakataza kabisa kutia matope hayo shambani, hata yaliyokwisha kuozeshwa.

Basi nyumbani kwako ufanye nini?

Kwanza, chooni kiingie kinyesi, majivu na majani tu. Usitupe pile, mafuta machafu ya motokari wala dawa ya kuua wadudu. Pile zilizokufa uziweke pamoja, mbali na watoto, kisima na bustani, wala usizichome.

Pili, wewe mgonjwa, dawa iliyobaki uirudishe hospitali. Choo si mahali pake.

Tatu, shimo likijaa, lifunike kwa udongo, uchimbe jingine. Shirika la Afya la Ulimwengu lilifundisha mwaka 2006 kwamba kinyesi kikae zaidi ya mwaka 1 penye joto, na mwaka 1 na nusu mpaka miaka 2 penye baridi. Sisi wa milimani tungoje miaka 2.

Nne, mbolea hiyo uitie chini ya migomba na miti, si juu ya mboga zinazoliwa mbichi. Kisha nawa mikono kwa sabuni.

Mama, kabla ya kutupa kitu shimoni, jiulize: Je, hiki kitaoza? Kama hakiozi, kitarudi siku moja katika sahani ya mtoto wako.