Cheche Isiyofika: Nyaya za Plagi katika Injini Kuukuu ya Gari la Spoti

Gari kuukuu la spoti laweza kunguruma vizuri likiwa limesimama uani, kisha likaanza kukohoa mara tu linapoukabili mlima. Dereva akikanyaga mafuta, injini hurukaruka, nguvu hupungua, na pengine mlipuko husikika katika bomba la ekzosi. Barabara ikirudi kuwa tambarare, ugonjwa hutoweka. Lawama ya kwanza kwa kawaida huiangukia kabureta. Hufunguliwa, husafishwa, hurekebishwa, nalo gari hurudi mlimani na kukohoa vilevile. Katika magari yenye umri wa nusu karne, mkosaji aweza kuwa kitu cha bei ndogo zaidi, yaani waya unaopeleka umeme kwenye plagi.

Mfano mzuri ni Datsun 240Z, gari la Kijapani lililotokea mwaka 1969 na ambalo Afrika Mashariki haijalisahau. Edgar Herrmann na Hans Schüller walishinda nalo Safari Rally mwaka 1971. Mwaka 1973 Shekhar Mehta, mzaliwa wa Uganda, akiwa na Lofty Drews, alishinda tena kwa gari la aina hiyohiyo, baada ya kulingana alama za adhabu na Harry Källström aliyeendesha Datsun ya aina nyingine. Injini ya 240Z, iitwayo L24, ina silinda sita zilizopangwa katika mstari mmoja, na ujazo wake wote ni sentimita za ujazo 2,393. Haina kompyuta. Karibu kila kinachofanya kazi ndani yake chaweza kuonekana kwa macho na kushikwa kwa mkono, ingawa si kila kitu kifaacho kushikwa injini inapozunguka.

Betri ya gari hilo hutoa volti 12 tu. Umeme mdogo kiasi hicho hauwezi kuruka pengo la plagi, ambalo upana wake ni karibu milimita 0.8. Kwa sababu hiyo kuna koili, ambayo ndani yake zimo nyaya mbili zilizoviringishwa: mmoja mnene wenye mizunguko michache, na mwingine mwembamba wenye mizunguko maelfu. Pointi za distributa zinapofunga, mkondo hupita katika waya mnene na kujenga ugasumaku. Zinapofunguka, ugasumaku huo huporomoka ghafla, na kuporomoka huko huzaa katika waya mwembamba umeme wa volti elfu kumi, elfu ishirini, au zaidi. Umeme huo hupita kwenye waya wa kati hadi kifuniko cha distributa, na humo rota huigawia kila silinda fungu lake kwa zamu. Injini ikizunguka mara 6,000 kwa dakika, koili hiyo moja hulazimika kuzaa cheche 300 kila sekunde, na kila waya wa plagi hupitisha 50.

Jambo lisilofahamika kwa wenye magari wengi ni kwamba koili haitoi volteji ileile kila mara. Volteji hupanda mpaka cheche iruke, na ikisharuka haipandi tena. Mwaka 1889 mwanafizikia wa Kijerumani Friedrich Paschen alionyesha kwamba volteji inayohitajika ili umeme uruke pengo hutegemea urefu wa pengo pamoja na kanieneo ya hewa iliyomo. Hapo ndipo mlima unapoingia katika hesabu. Dereva anapokanyaga mafuta, kabureta hufunguka, mchanganyiko mwingi wa hewa na petroli huingia katika silinda, na pistoni inapoubana, kanieneo huwa kubwa kuliko wakati injini inapozunguka polepole bila mzigo. Cheche huwa ngumu kuruka, nayo volteji hupanda zaidi kuitafuta njia. Ikiwa ganda la waya lina ufa, njia hiyo yaweza kupatikana nje ya silinda. Umeme hutoboa pale palipo dhaifu na kurukia chuma cha injini, na plagi hubaki bila moto. Kwenye tambarare ufa uleule haudhuru, kwa kuwa volteji haifiki kimo cha kuuvuka. Ndiyo maana waya mbovu hupita mtihani wa uani na kuanguka ule wa mlimani.

Hasara yake si nguvu peke yake. Petroli isiyowaka huosha mafuta ya kulainisha kutoka kwenye kuta za silinda, huilowesha plagi, kisha hutoka na kuwakia katika ekzosi. Gari hunywa mafuta na injini huchakaa, huku mwenyewe akiendelea kuilaumu kabureta.

Uzee wa nyaya hizo una sababu kadhaa. Joto la injini hukausha ganda, na mafuta hulilainisha mahali pasipotakiwa. Adui mwingine hatoki nje. Umeme wa volteji kubwa unapovuja kidogo kidogo hewani hugeuza oksijeni kuwa ozoni, gesi yenye harufu kali, na ozoni hupasua mpira wa asili. Waya huchangia hivyo kujiangamiza. Nyaya za kisasa zenye ganda la silikoni huvumilia joto na ozoni vizuri zaidi.

Moyo wa waya nao huzeeka. Zamani ulikuwa shaba tupu, lakini cheche hutawanya mawimbi yanayokoroma ndani ya redio. Kwa hiyo magari mengi yalifungwa nyaya zenye uzi uliotiwa kaboni, ambao ukinzani wake ni maelfu ya ohmu kwa kila mita. Uzi huo hunyamazisha redio, lakini ni dhaifu. Anayeuvuta waya kwa shingo yake badala ya kushika kofia yake ya mpira hukata uzi ndani kwa ndani, na kwa nje hakuna kitakachoonekana. Nyaya nyingi nzima zimeuawa hivyo siku ya kubadilishwa plagi.

Uchunguzi wa kwanza hufanywa gizani. Injini ikizunguka, maji kidogo hunyunyizwa juu ya nyaya kama umande, na mwanga wa samawati ukionekana ukicheza juu ya waya, ugonjwa umejulikana. Katika kazi hiyo mikono ikae mbali. Mshtuko wa nyaya hizi ni mkali, na mtu aliyewekewa kifaa cha umeme cha kuendesha mapigo ya moyo hapaswi kukaribia kabisa. Uchunguzi wa pili ni wa mita ya ohmu, injini ikiwa imezimwa. Waya ambao ukinzani wake unapita mno wa wenzake wenye urefu unaokaribiana nao, au ambao mita hairuki sawasawa unapopindwa, umekwisha.

Kubadilisha si kazi ngumu ikiwa pupa itaachwa nyumbani. Injini huachwa ipoe, na betri hufunguliwa. Nyaya zote zising'olewe kwa pamoja; hutolewa mmoja, hupimwa kando ya mpya, na mpya hufungwa kabla ya kuugusa wa pili. Kofia ya mpira huzungushwa kidogo ili iachie, ndipo huvutwa. Waya mpya husukumwa hadi mlio mdogo usikike au mkono uhisi umekaa, kwa maana waya ulioshika nusu hujitengenezea pengo la pili.

Utaratibu huo una sababu yake. L24 huwasha silinda zake kwa zamu ya 1-5-3-6-2-4, na rota yake huzunguka kinyume cha mishale ya saa. Aliyeng'oa zote, kisha akazirudisha kwa zamu hiyo akifuata mwendo wa saa, atakuta silinda ya 1 na ya 6 peke yake ziko mahali pake. Zile nne zilizobaki zitapata moto wakati usio wao, na mlipuko waweza kurudi hadi kwenye kabureta.

Kwa bahati, plagi za injini hii ziko upande usio na ekzosi, kwa hiyo nyaya haziungui upesi. Zamu yake pia haiwashi kamwe silinda mbili jirani kwa kufuatana. Katika injini ya V8 ya Chevrolet Corvette ya miaka hiyo, silinda ya 5 na ya 7 hukaa jirani na huwaka moja baada ya nyingine. Nyaya zake zikilazwa sambamba, umeme wa mmoja waweza kuamsha cheche katika mwingine kabla ya wakati. Huko vishikizo vya kutenganisha nyaya ni lazima, wala si pambo.

Kabla ya kufunga, kifuniko cha distributa hukaguliwa ndani. Mstari mweusi mwembamba kama nyufa ya kikombe ni njia ya kaboni iliyochongwa na umeme, na hausafishiki, kifuniko hubadilishwa. Waya wa saba, utokao kwenye koili, usisahauliwe, kwani huo hubeba cheche za silinda zote sita. Na miongoni mwa nyaya za plagi zilizotolewa, ule mrefu kuliko zote, ukiwa bado mzima, hufaa kuwekwa ndani ya gari, kwa kuwa utafika kwenye silinda yoyote itakayokosa moto njiani.