Van Gogh katika Bandari ya Antwerp

Vincent van Gogh hujulikana zaidi kwa alizeti na mashamba ya ngano, lakini miongoni mwa kazi zake imo picha ndogo ya gati na meli katika bandari ya Antwerp, Ubelgiji, aliyoichora kwa rangi za mafuta juu ya kipande cha ubao mnamo Desemba 1885, na ambayo sasa imehifadhiwa mjini Amsterdam katika makumbusho yenye jina lake. Ubao huo, ambao upana wake haufiki sentimita 30, umetawaliwa na rangi zilizofifia za majira ya baridi.

Wanahistoria wa sanaa humweka Van Gogh katika kundi la wachoraji wa baada ya Uimpreshonisti, jina alilolitoa mhakiki Mwingereza Roger Fry mwaka 1910, miaka 20 baada ya mchoraji huyo kufariki. Waimpreshonisti walijitahidi kunasa mwanga wa dakika ileile. Waliowafuata waliupokea uhuru huo wa rangi, ila wakataka rangi ibebe pia hisia na fikra za mchoraji. Picha ya Antwerp haijafika huko, na hapo ndipo thamani yake ilipo.

Katika barua kwa ndugu yake Theo, Van Gogh aliisimulia bandari hiyo kwa shauku kubwa: mabaharia wakila kome na kunywa bia, farasi mweupe katika tope, shehena zilizofunikwa maturubai, vurumai aliyoifananisha na picha za Kijapani zilizochapwa kwa mbao, ambazo alizibandika ukutani mwa chumba chake cha kupanga. Jicho lake, basi, lilikwisha kuona mengi ambayo mkono, uliozoea rangi za udongo za kijiji cha Nuenen, haukuweza bado kuyatenda.

Mabadiliko yalianza palepale mjini, kwa kuzichunguza kazi za Rubens na kununua rangi kali zaidi, ingawa fedha zilikuwa haba hata akawa anajinyima chakula ili awalipe watu wa kuchorwa. Mwishoni mwa Februari 1886 aliondoka kwenda Paris, ambako kazi za Waimpreshonisti zilimfundisha kuzitenganisha rangi na kuziacha ziwake.