Si 'amepona', ni 'anapona'

Wanaisimu hawachoki kuwafunza wanafunzi kwamba kiambishi '-me-' huonyesha tendo lililotimia, ilhali '-na-' huonyesha lile linaloendelea. Somo hilo huonekana kavu darasani. Kwetu Chepseon limekuwa na uzito wa uhai na mauti tangu mdogo wangu, ambaye ni mwalimu wa shule ya msingi, apandikizwe figo ya dada yetu mjini Eldoret mwaka 2024. Majirani waliokuja kumjulia hali walisema kwa furaha: "Amepona!"

Hajapona. Anapona, na ataendelea kupona maadamu figo hiyo i hai mwilini mwake.

Neno 'kupandikiza' lenyewe tumelitoa shambani. Kila mkulima wa majani chai anajua kwamba mche uliotoka kitaluni haushiki kwa sababu tu umetiwa udongoni, sharti uangaliwe. Lakini udongo haumkatai mgeni wake, ilhali mwili hukiona kiungo cha mtu mwingine kuwa adui na kukishambulia. Si ajabu kwamba upandikizaji wa figo wa kwanza uliofaulu, alioufanya Joseph Murray mjini Boston mwaka 1954, ulihusu mapacha wa kufanana: mwili wa mmoja haukuiona figo ya mwenzake kuwa ngeni. Wasio na bahati hiyo hutegemea dawa za kuituliza kinga ya mwili, wazimeze kila siku, kwa saa zile zile.

Hapo ndipo kazi ya jamaa inapoanzia. Kwetu ni saa mbili asubuhi na saa mbili usiku, na binti yake wa kidato cha pili ndiye mlinzi wa saa. Siku ya kliniki utaratibu hugeuka. Damu hutolewa kabla ya dawa ya asubuhi kumezwa, ili madaktari wajue ni kiasi gani kilichosalia mwilini. Basi mgonjwa huondoka alfajiri dawa ikiwa mfukoni, na anayemsindikiza hana budi kuhakikisha kwamba mazoea hayamfanyi aimeze garini.

Dawa hizo hizo humwacha wazi kwa maradhi mengine. Maziwa yasiyochemshwa ni hatari kwake, na katika nchi ya mursik jambo hilo si dogo, kwani kumkatalia mgeni kibuyu chake ni kumvunjia heshima. Shemeji yangu ametafuta njia: huipokea sotet kwa mikono miwili, hushukuru, huwamiminia wengine, kisha humletea mumewe chai iliyotokota. Wenye mafua husalimia wakiwa uani. Mizizi na magome ya miti, hata yakiletwa kwa mapenzi, huweza kuvuruga nguvu za dawa za hospitali. Hayo hukataliwa mlangoni, na atakayenuna na anune.

Anayesahaulika ni dada. Yeye aliingia chumba cha upasuaji akiwa mzima wa afya, akatoka na mshono. Kwa majuma kadhaa hakuruhusiwa kuinua mzigo, sembuse kujitwika kapu la majani chai, na chai haimngojei mtu. Wageni walipita mlangoni pake wakielekea kwa mgonjwa, mikono imejaa. Kisha, Aprili 2025, magazeti yalipojaa habari za madai ya biashara ya figo mjini Eldoret, mtu mmoja alimwuliza sokoni, mbele ya watu, alikuwa amelipwa kiasi gani.

Sheria ya Afya ya mwaka 2017 inaharamisha biashara ya viungo vya binadamu, na dada hakupokea hata senti moja. Lakini swali lile lilimwuma kuliko mshono. Kwa majuma mawili hakukanyaga sokoni. Mdogo wangu alipopata habari, alifunga barakoa yake, akamshika dada mkono, wakaenda pamoja siku ya soko, wakanunua kabeji na sukari, wakarejea polepole kwa miguu. Hawakumhutubia mtu.

Sasa mdogo wangu amerudi shuleni kwa vipindi vichache. Dada naye ana tarehe yake ya kupimwa shinikizo la damu na mkojo, ambayo hakuna jirani anayeiulizia. Nimeomba ruhusa chuoni. Safari hii nitamsindikiza mimi.