Kiyoyozi Hakitaki Haraka

Mji wa Morogoro umekaa chini ya Milima ya Uluguru kama mtu aliyeketi mlangoni pa nyumba yenye kivuli asipate kuingia ndani. Mjini, penye kimo cha mita 500 hivi kutoka usawa wa bahari, joto la Novemba mpaka Februari huwanyima watu usingizi. Na huko Nyandira katika Mgeta, mwezi wa Julai, watu hujifunika mablanketi mazito. Sababu yake yajulikana: kwa kila mita 1,000 mtu apandazo mlimani, hewa hupungua joto kwa digrii sita hivi. Kwa kuwa hatuwezi wote kuhamia mlimani, si ajabu kwamba viyoyozi vimeenea katika ofisi, nyumba za wageni, na hata katika nyumba za watu wa mishahara ya kawaida.

Hatuna ugomvi na kiyoyozi. Tunalotaka kulisema leo ni kwamba wengi wamenunua mashine hiyo bila kujifunza kuiamrisha, na rimoti waliyoishika mkononi huwagharimu fedha pasipo faida.

Tazama jinsi mtu afanyavyo. Aingia chumbani akitokwa jasho, ashika rimoti, abonyeza mpaka isome 16, akiamini kwamba baridi itakuja upesi kuliko kama angeweka 25. Sivyo. Namba ile haiamuru mwendo. Yaonyesha mahali pa kukoma. Kiyoyozi cha aina ya zamani hufanya kazi kwa nguvu ile ile, kiwe kimeambiwa 16 au 25. Tofauti ni kwamba kilichoambiwa 25 hufika, kikapumzika. Kilichoambiwa 16 huhangaika usiku kucha, na siku ya joto kali pengine kisifike kabisa. Viyoyozi vipya viitwavyo vya inveta huweza kuongeza na kupunguza mwendo wao, lakini navyo vikiwekewa 16 havipati nafasi ya kupunguza. Mwisho wake mwenye nyumba huamka saa tisa za usiku akitetemeka, akavuta blanketi, na mita ya LUKU yaendelea kuhesabu. Wazee walikwisha kutuambia kwamba haraka haraka haina baraka.

Yafaa pia tuelewe kwamba kiyoyozi hakitengenezi baridi. Huhamisha joto. Gesi iliyomo katika mabomba yake hupokea joto la chumbani na kwenda kulitupa nje. Ndiyo maana kile kisanduku cha ukutani nje hupuliza hewa ya moto. Basi anayewasha kiyoyozi na kuacha dirisha wazi anataka kuhamisha joto la mji mzima.

Na zile alama za kwenye rimoti zina maana. Chembe ya theluji, kitu ambacho watoto wetu wengi hawajapata kukiona, ni alama ya kupoza. Tone la maji ni la kukausha unyevu, nalo lafaa sana wakati wa masika, hewa inapokuwa nzito bila kuwa na joto kali. Feni husukuma hewa tu. Jua ni alama ya kupasha joto: hapo gesi hugeuzwa njia, ikachukua joto la nje na kulileta ndani. Huko Mgeta mwezi wa Julai alama hiyo ingekuwa na kazi. Hapa mjini, anayeibonyeza bila kujua atapata chumba cha moto, kisha atamwita fundi na kumlipa kwa ugonjwa usiokuwepo.

Tena rimoti husema, lakini haisikii. Hutuma amri kwa mwanga usioonekana kwa macho, wala haipokei jibu. Ikiwa umeielekeza kando, kioo chake kitaandika kwamba umezima, na kumbe mashine yaendelea. Kwa hiyo ielekeze kwenye mashine, na usikilize mlio mfupi wa kukubali. Ukiisha kuzima, ngoja dakika tatu kabla ya kuwasha tena, ili kompresa isiumie. Safisha chujio mara kwa mara, kwa maana vumbi huziba pumzi ya mashine. Tumia pia kitufe cha saa, ili kiyoyozi kizimike chenyewe kabla ya alfajiri, hewa ya nje inapokuwa imekwisha kupoa.

Jambo hili si la mfuko wa mtu mmoja tu. Sehemu kubwa ya umeme wetu hutoka katika maji. Kidatu, katika mkoa huu huu wa Morogoro, imetoa umeme tangu mwaka 1975, na uwezo wake ni megawati 204. Mwaka 2022 mvua zilipokosekana, nchi iliingia katika mgawo wa umeme, na vinyozi, wachomeleaji na wasaga nafaka wakakaa bila kazi. Ni kweli kwamba Bwawa la Julius Nyerere katika Mto Rufiji, lililoanza kutoa umeme mwaka 2024, limejengwa kwa uwezo wa megawati 2,115. Lakini ghala kubwa si ruhusa ya kumwaga nafaka.

Hapa tunawaelekea hasa wenzetu wa ofisi za umma. Nyumbani, anayebonyeza ndiye anayelipa; ofisini, anayebonyeza hulipiwa na wengine. Kiyoyozi kinachonguruma juu ya kiti kitupu, mwenye kiti akiwa safarini Dodoma, hulipiwa na mkulima wa Matombo ambaye hajapata kukaa mbele ya upepo wake. Kila ofisi na imteue mtu wa kushika rimoti, aweke digrii 25, ahakikishe milango imefungwa, na jioni azime kabla ya kuondoka. Kazi hiyo haihitaji fedha za bajeti, na yaweza kuanza leo.