Muhogo Mikindani: Hasara imejificha ndani ya gamba

MFANYABIASHARA anayenunua shamba la mihogo Mikindani kabla halijang'olewa hununua mali asiyoiona. Mashina yaweza kusimama vizuri, lakini siku ya kung'oa akakuta muhogo una madoa makavu ya kahawia ndani. Mzigo huo hauuziki sokoni, na hata ukifanywa makopa, unga wake hushuka thamani.

Ugonjwa huo, michirizi ya kahawia, si mgeni pwani. Ulielezwa kitaalamu kwa mara ya kwanza mwaka 1936 na mtafiti H. H. Storey wa kituo cha Amani, Tanga. Huenezwa na inzi weupe, lakini mwenye kuupeleka mbali ni binadamu mwenyewe, kwa kuuza na kugawa pingili zenye virusi.

Macho peke yake hayatoshi. Aina ya Kiroba, kwa mfano, huvumilia ugonjwa na kutoa mihogo inayofaa, lakini mche wake waweza kubeba virusi bila dalili za wazi. Anayetaka uhakika hana budi kupeleka majani maabara yakasomwe vinasaba.

Maandalizi ya sampuli ndiyo yanayoamua jibu. Kwa ugonjwa huu huchukuliwa majani ya chini yaliyokomaa. Husagwa, huchanganywa na dawa iitwayo CTAB ili vinasaba vitoke, kisha huzungushwa kwa kasi katika mashine ili takataka zitengwe. Sukari na utomvu wa muhogo vikibaki, hatua zinazofuata hukwama.

Baada ya hapo njia zinagawanyika. Virusi vya batobato hubeba DNA, ambayo ni imara. Vya michirizi hubeba RNA, ambayo huvunjika upesi, hata kwa kuguswa na vidole vitupu. Kwa hiyo RNA hugeuzwa kwanza kuwa nakala ya DNA, nakala hiyo huzidishwa kwa mashine ya PCR, na ndipo husomwa.

Tofauti hiyo ina maana kubwa kwa mwenye fedha. Mwaka 2019 watafiti walichapisha matokeo ya kazi waliyofanya katika mashamba matatu, moja Tanzania, moja Kenya na moja Uganda. Walitumia MinION, mashine ya kusomea vinasaba inayoenea kiganjani, pamoja na vifaa vya betri. Tangu kufika shambani hadi kupata jibu la awali hazikupita saa 3. Hata hivyo, walichotenga ni DNA, na walichokuta ni virusi vya batobato. Kipimo cha namna hiyo kikisema shamba halina virusi, bado hakijasema lolote kuhusu michirizi.

Kwa hiyo mnunuzi anayeonyeshwa cheti cha maabara aulize mambo mawili: kimepima virusi gani, na je, RNA ilipimwa? Mwenye kununua pingili adai mbegu iliyokaguliwa na TOSCI. Ushauri wa aina za kupanda haupo mbali, kwani kituo cha utafiti cha Naliendele kiko jirani na mji wa Mtwara.

Na asiye na cheti asikubali bei kabla ya kung'oa mashina kadhaa, pembeni na katikati ya shamba, na kukata mihogo yake vipande. Shina moja analochagua muuzaji si kipimo.